Unapomvua Samaki, Vua na Habari za Maji Yake

Kila mwaka Rio Negro, mmojawapo wa mito mikubwa inayoulisha Amazoni, hufurika. Pale Manaus, nchini Brazili, kina cha maji huongezeka kwa takriban mita 10, na msitu wa kandokando huzama mpaka samaki wakaogelea katikati ya matawi ambayo ndege walikuwa wakitua. Humo huishi samaki mdogo, sentimita 3 au 4 tu, mwenye mstari wa buluu unaong'aa ubavuni na wekundu uliokolea chini yake. Wafugaji humwita kadinali. Wanasayansi walimpa jina la Paracheirodon axelrodi mwaka 1956. Maji yakianza kushuka, makundi kwa makundi ya kadinali hukwama katika vidimbwi vya msituni, na kidimbwi kikikauka wote hufa. Wavuvi wa mji wa Barcelos, wanaojulikana kwa jina la piabeiros, huingia humo na mitumbwi midogo, wakawachota kwa nyavu za mkono na kuwapeleka sokoni wakiwa hai. Kazi hiyo imefanyika tangu miaka ya 1950, samaki kwa mamilioni, na kadinali bado yupo.

Sasa twende Xingu, mto mwingine wa Brazili hiyohiyo. Katika mapango ya mawe kwenye kona kubwa ya mto iitwayo Volta Grande anaishi samaki mwenye mistari myeusi na myeupe, Hypancistrus zebra, aliyepewa jina hilo mwaka 1991. Duniani kote hana makao mengine. Jike hutaga mayai machache mno, mara nyingi yasiyofika 20, ndani ya ufa wa jiwe, na dume hukaa hapo kuyalinda. Uzuri wake ulimponza. Brazili ilipiga marufuku kumsafirisha nje, lakini magendo yakaendelea. Mwaka 2016 bwawa la Belo Monte likaanza kuzalisha umeme na kubadilisha mtiririko wa maji katika kona ileile. Mwaka 2022 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, zikaamua kumwingiza katika Kiambatisho cha II, orodha ya viumbe ambao biashara yao huruhusiwa kwa vibali tu.

Nchi ni moja, kazi ni ileile ya kumtoa samaki majini na kumtia ndani ya kioo, lakini matokeo yamepishana kama mbingu na ardhi. Ndiyo maana swali la "je, ni vibaya kuvua samaki wa mtoni kwa ajili ya tangi la nyumbani?" halina jibu mpaka likamilishwe: samaki gani, wa maji gani, kwa kiasi gani? Nimekuja kuamini kwamba habari zinazojibu swali hilo ndizo zilezile zinazoamua kama samaki huyo atamaliza mwezi mmoja akiwa hai kwako. Asiyeyajua maji ya samaki wake ataudhuru mto, na samaki mwenyewe atamfia.

Anayestahimili na asiyestahimili

Kwanza tuweke wazi jambo moja. Samaki wengi wa maji baridi wanaouzwa kwa mapambo, kwa makadirio yanayotajwa sana tisa katika kila kumi, hawatoki mtoni kabisa. Wamezaliwa katika mabwawa ya kufugia. Kwa samaki wa baharini hali ni kinyume: wengi wao bado huvuliwa. Kwa hiyo tunazungumzia sehemu ndogo ya samaki wa mapambo, ingawa ndiyo sehemu yenye mvuto mkubwa kwa mfugaji anayetaka kumwona samaki kama alivyo kwao.

Kadinali anastahimili kwa sababu maisha yake yamejengwa juu ya hasara. Porini wengi huishi kama mwaka mmoja tu; huzaana kwa wingi mafuriko yakija, kisha kiangazi huwafagia. Wavu wa mvuvi unawatoa samaki ambao sehemu kubwa yao wasingeiona mvua inayofuata. Kuna la zaidi. Mtu anayepata riziki kutokana na msitu uliofurika ana sababu ya kuuacha msitu huo usimame. Mradi wa Piaba, ulioanza Brazili mwishoni mwa miaka ya 1980, ulijengwa juu ya hoja hiyo, na tangu mabwawa ya kufugia yalipoanza kuzalisha kadinali kwa wingi na kupunguza soko la Barcelos, wanaoufuatilia mto huo wamekuwa na hofu kwamba mvuvi aliyekosa soko atageukia kazi zinazouumiza msitu. Kwa samaki huyu, kununua aliyevuliwa mtoni huenda kukawa na heri kuliko kununua aliyezalishwa bwawani. Najua hilo linamshangaza mtu aliyezoea kusikia kwamba cha kufugwa daima ndicho chema.

Samaki asiyestahimili naye ana dalili zake: eneo dogo, mayai machache, malezi ya muda mrefu, au kukomaa polepole. Katika mito ya safu ya Western Ghats, kusini magharibi mwa India, kuna samaki aitwaye Sahyadria denisonii, mwenye mstari mwekundu usoni hadi katikati ya mwili. Alipopata umaarufu nje ya nchi, alivuliwa kupita kiasi katika vijito vichache anavyokaa, na sasa yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Huyo ndiye samaki ambaye wavu humdhuru kwelikweli.

Lakini tusiubebeshe wavu mizigo yote. Nchini Thailand, katika bonde la Chao Phraya, kuna samaki mweusi mwenye mkia mwekundu kama kaa la moto, Epalzeorhynchos bicolor. Karibu ametoweka porini, huku akijaa katika matangi ya dunia nzima kwa kuwa huzalishwa mabwawani kwa wingi. Kupotea kwake kunahusishwa zaidi na mabwawa yanayoziba mito na kukaushwa kwa ardhi oevu. Kila nikimwona dukani humfikiria hivyo: samaki anayeishi katika kila mji na hana tena mto.

Ruhusa

Sheria hutofautiana nchi hadi nchi, hivyo nitasema yale tu ambayo watu huyasahau. Leseni ya kuvua kitoweo mara nyingi haikupi ruhusa ya kumsafirisha samaki akiwa hai, maana kwa mamlaka za uvuvi samaki hai ni kiumbe kinachoweza kuhamishwa kutoka bonde la mto mmoja hadi jingine. Nyavu zenye matundu madogo, ambazo ndizo mkusanyaji wa samaki wadogo anazozihitaji, katika nchi nyingi zimepigwa marufuku kwa sababu huzoa vifaranga. Usidhani kwamba udogo wa wavu wako unakupa msamaha. Hifadhi zina masharti yake. Na kuvuka mpaka ni hesabu nyingine kabisa. Marekani, kwa mfano, kupitia Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 na marekebisho yake, inaweza kumtia hatiani mtu aliyeingiza samaki aliyevuliwa kwa kuvunja sheria za nchi alikotoka. Arowana wa Asia, Scleropages formosus, yumo katika Kiambatisho cha I cha CITES, orodha yenye masharti makali kuliko zote, na kumsafirisha bila vibali ni kosa kubwa. Uliza ofisi inayosimamia uvuvi kabla ya kulowesha miguu, na upate jibu la maandishi.

Kuusoma mto

Mkusanyaji mzuri hufika mtoni na kukaa kwanza. Dakika 20 za kutazama bila kuingiza wavu zitakuonyesha mambo ambayo wavu ungeyafukuza: nani anakaa kwenye mkondo, nani amejificha chini ya mizizi, nani anatembea kwa kundi na nani analinda kiota. Umbo la samaki nalo linasema. Mdomo uliogeuka juu ni wa mlaji wa wadudu wanaoanguka majini. Tumbo bapa na mapezi mapana yaliyonyooshwa pembeni ni ya samaki anayeng'ang'ania mawe penye kasi. Mwili mrefu wa kwenda juu, mwembamba kama sahani iliyosimamishwa, ni wa maji tulivu yenye majani marefu. Ukimchukua samaki wa mkondo ukamweka katika tangi lisilo na msukumo wa maji, umemnyima kitu ambacho mwili wake wote uliumbwa kukitegemea.

Hapo linakuja suala la oksijeni, na hili ndilo huua wengi kimyakimya. Maji hushika oksijeni kidogo kadiri yanavyopata joto: kwenye nyuzi 20 za Selsiasi lita moja inaweza kushika karibu miligramu 9, na kwenye nyuzi 30 hushuka hadi kama 7.5. Maji yanayoporomoka juu ya mawe huwa yamejaa oksijeni kufikia kiwango chake cha juu. Dimbwi lenye majani mengi huwa na sura mbili: mchana mimea huongeza oksijeni, usiku huivuta, hivyo saa ya kabla ya mapambazuko ndiyo mbaya kuliko zote. Samaki wa dimbwi hilo huenda amezoea kuvumilia saa hiyo. Mwenzake wa kwenye maporomoko hajapata kuijua maishani mwake, na ukimtia ndoo moja na wa dimbwini ndiye atakayekufa kwanza.

Pima, usikisie. Kipimajoto kiingizwe kwenye kina anachokaa samaki, kivulini kama kivulini ndiko anakokaa, maana maji ya juu yaliyopigwa na jua yanaweza kukupotosha kwa nyuzi kadhaa. Karatasi au kifaa cha kupima pH kitakueleza asidi ya maji. Rio Negro, kwa sababu ya majani na mizizi inayooza na kuyafanya maji yawe na rangi ya chai ya rangi, huwa na pH ya kati ya 4 na 5 sehemu nyingi, na chumvi kidogo mno ndani yake. Ziwa Tanganyika lina pH inayokaribia 9. Tofauti hizo ni kubwa kuliko namba zinavyoonekana, kwa kuwa kila hatua moja ya pH ni mara 10: maji ya pH 5 yana asidi mara 1,000 kuliko ya pH 8. Kifaa kidogo cha kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme kitakudokezea kama ni maji laini, yenye madini machache, au magumu, yenye madini mengi. Andika yote hayo katika daftari papo hapo, pamoja na tarehe, saa, jina la mto na la kijiji cha karibu. Mimi daftari hili naliona kuwa kifaa cha kwanza cha uvuvi, na wavu ni cha pili.

Neno juu ya usalama, kwa ufupi lakini kwa uzito. Maji yaliyotuama yenye konokono, katika nchi zenye kichocho, yanaweza kukuambukiza kwa kuyakanyaga tu. Vimelea hutoka kwa konokono kwa wingi jua likiwa kali, na buti ndefu za mpira ni kinga bora kuliko bahati. Penye mamba au viboko hapaingiwi, hata kama wenyeji wanadai kwamba leo hawapo. Usiende peke yako.

Wavu, mtego na mkono

Wavu wa mkono wenye mpini mrefu ndio ninaoupenda. Unautega chini ya mizizi au majani yaliyoinamia maji, kisha kwa mguu unayatikisa kuelekea wavuni. Kijuya kidogo cha kuburutwa na watu wawili kinafaa kwenye mchanga usio na visiki. Ukiburuta, ukingo wa chini uguse ardhi wakati wote, la sivyo samaki hupita chini. Mtego wa chupa, ile iliyokatwa shingo na kugeuzwa iingie ndani, ni rahisi mno na kwa hiyo hutumiwa vibaya. Watu huuacha usiku kucha kwenye majani, na kumbe ile saa mbaya ya kabla ya alfajiri hukuta samaki 30 wamebanana ndani ya lita moja. Uangalie kila baada ya muda mfupi, na usiondoke mtoni ukiwa umeuacha mmoja, kwa sababu mtego uliosahauliwa huendelea kuua miezi mingi. Sumu, baruti na umeme sina la kuvizungumzia isipokuwa kwamba huua vingi kuliko unavyovitaka na karibu kila mahali ni jinai.

Samaki hujikinga kwa ute unaofunika magamba yake. Mkono mkavu huuondoa, na pale ulipoondoka ndipo ukungu huota siku tatu baadaye. Hivyo usimnyanyue hewani kwa wavu ikiwa unaweza kumsogeza ndani ya kikombe pamoja na maji yake. Jamii ya kambale wanataka uangalifu wa pekee: miiba ya mapezi yao hujifunga wima wakiogopa na kunasa kwenye nyuzi. Usivute. Kata uzi wa wavu. Wavu hushonwa, samaki hashoneki.

Chagua wadogo. Samaki mchanga huzoea chakula na maji mapya kwa urahisi, huhitaji nafasi ndogo safarini, na kumchukua kunawaacha mtoni wazazi waliothibitisha kwamba wanaweza kuishi na kuzaa. Mwenye mayai mdomoni, anayelinda kiota, au aliyezungukwa na vifaranga mwache alivyo. Ukimwondoa umeua kizazi kizima cha msimu ule. Jiwe ulilolipindua lirudishe lilivyokuwa, maana upande wake wa chini una mayai na wadudu.

Na hesabu yako ianze nyumbani, isianzie mtoni. Kambale wa urefu wa kidole anapendeza, lakini Clarias gariepinus hupita mita 1 akikua. Kama hujui jina la samaki na ukubwa wake wa utu uzima, mpige picha ndani ya kikombe cha kioo, umrudishe palepale, ukatafute jina lake. Atakuwepo wiki ijayo. Wale wa kutembea kwa kundi wachukue kundi dogo, 6 hadi 10. Wale wagomvi wa mipaka chukua mmoja au jozi. Kisha uache, hata kama wavu unaendelea kujaa.

Yanayotokea ndani ya mfuko

Sehemu hii ndiyo iliyonigharimu, kwa hiyo nitaikalia.

Samaki ndani ya mfuko uliofungwa anafanya mambo mawili bila kukoma: anapumua na anatoa amonia, taka yenye sumu, nyingi ikipitia kwenye matamvua. Kwa kupumua, anajaza maji kaboni dioksidi, na kaboni dioksidi huyafanya maji yawe na asidi. Katika maji yenye asidi, karibu amonia yote hugeuka kuwa amoniamu, ambayo ina madhara madogo sana. Kwa maneno mengine, kile kinachochafua mfuko kinazuia kwa muda ile sumu isidhuru. Kwenye nyuzi 25 na pH 7, chini ya sehemu moja katika 100 ya amonia yote ndiyo iliyo katika umbo la sumu. Kwenye pH 8 ni kama 5. Kwenye pH 9 inapita 30.

Sasa fikiria mtu amesafiri saa 10. Anafika, anafungua mfuko, na kwa nia njema kabisa anaanza kudondoshea maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa nzima ili samaki "wazoee". Mfuko ukifunguliwa, kaboni dioksidi huponyoka hewani. Asidi hupungua, pH hupanda, na maji ya tangi yanayoingia huipandisha zaidi. Ile amoniamu iliyolala hugeuka amonia, na samaki wanaogelea ndani yake saa nzima huku mwenyewe akiwaangalia kwa upendo. Nilifanya hivyo. Kundi zima lilikuwa limelala ubavu kabla ya jua kuzama, na kwa muda mrefu niliilaumu safari.

Baada ya safari ndefu, basi, mfuko uelee tangini ukiwa umefungwa, dakika 15 hadi 20, joto lilingane. Kisha fungua, watoe samaki mara moja kwa wavu laini au kikombe chenye matundu, uwatie majini, na maji ya mfuko uyamwage chooni. Yasiingie tangini wala mferejini. Kudondoshea polepole kunafaa safari ikiwa fupi, ya saa moja au mbili, hasa maji yanapotofautiana kwa ugumu.

Lakini je, samaki aliyetoka katika maji laini ya asidi akitupwa ghafla kwenye maji magumu hataumia? Ataumia. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi kuliko maji yanayomzunguka, hivyo wakati wote maji yanamwingia na figo zake zinayatoa. Ukibadilisha chumvi ya nje kwa pigo moja, mfumo huo hutetereka. Ufumbuzi wake hauko kwenye mfuko, uko kwenye daftari. Ulipima mto. Andaa tangi la kuwapokelea lenye maji yanayokaribiana na yale, kwa kuchanganya maji ya mvua safi au yaliyochujwa chumvi, kisha uyapeleke taratibu, wiki kwa wiki, kuelekea kwenye maji unayoweza kuyatunza. Hapo huhitaji kuchagua kati ya sumu na mshtuko.

Mengine ya safari yanafuata hoja hiyohiyo. Samaki akae siku nzima bila kulishwa kabla ya kusafirishwa, kwa kuwa chakula chake kitageuka amonia njiani. Mfuko uwe na theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa, au oksijeni kama ipo. Uulaze chali, maana eneo la maji linalogusa hewa ndilo linalopumulisha. Uwe gizani, ndani ya boksi la plastiki povu, kwani samaki asiyeona hutulia na samaki aliyetulia hupumua kidogo. Wenye miiba wasafiri ndani ya ndoo ngumu yenye mfuniko, au mifuko miwili iliyovikwa mmoja ndani ya mwingine huku gazeti likiwa katikati. Anayekula wenzake, mfuko wake peke yake.

Wiki sita za kungoja

Samaki wa mtoni karibu hakosi wageni mwilini. Kwao si ajabu: maji ni mengi, kimelea kinachomwacha huchukuliwa na mkondo. Tangini mkondo haupo, na kimelea kilichodondoka humkuta mwenyeji huyohuyo mara nyingine na nyingine. Ndiyo maana tangi la karantini, lililo tupu kwa kadiri, lenye chujio lililokwisha komaa na maficho machache ya vyungu, halina mbadala. Wiki 4 ni kidogo. Mimi hukaa 6.

Chujio kukomaa maana yake ni kwamba bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitreti, wamekwisha jenga makao ndani yake. Wanachukua kama mwezi au zaidi, kwa hiyo tangi huandaliwa kabla ya safari ya mtoni.

Ugonjwa wa madoa meupe ndio utakaoukuta mapema. Kimelea chake, Ichthyophthirius multifiliis, hujichimbia chini ya ngozi, na kikiwa humo dawa haikifikii. Kikishiba hudondoka, hujifunga kwenye changarawe na kugawanyika kuwa mamia, ambavyo huogelea kutafuta samaki na hufa visipompata ndani ya siku mbili tatu. Dawa hukipata katika kipindi hicho tu cha kuogelea. Anayeacha tiba siku madoa yalipotoweka ameacha vita katikati, kwa sababu madoa yametoweka ili kuzaliana. Kupandisha joto polepole huharakisha mzunguko wote na kufupisha kungoja, mradi hewa iongezwe na samaki wawe wa kuvumilia joto. Minyoo ya Camallanus, nyuzi nyekundu zinazochungulia nyuma ya samaki, hutibiwa kwa levamisoli. Minyoo ya kwenye matamvua hutibiwa kwa prazikwanteli, dawa ileile anayopewa mtu mwenye kichocho, jambo ambalo limekuwa likinipendeza tangu nilipolijua.

Wakati huohuo anakonda. Samaki wa mtoni hajawahi kuona chakula cha vipande vikavu na hakitambui kuwa ni chakula. Mpe kwanza kinachotembea: viluwiluwi vya mbu, viroboto-maji, vifaranga vya artemia, yaani kamba wadogo sana wa maji ya chumvi. Akishaanza kuja mbele ya kioo akikuona, changanya na chakula kilichogandishwa, kisha punje kavu kidogo kidogo. Mtazame tumbo kila asubuhi. Likibonyea ndani licha ya kula, rudi kwenye minyoo.

Mlango wa kutokea haupo

Ukishamtoa, hurudishi. Watu wengi wenye huruma hukosea hapa. Samaki aliyeishi miezi kadhaa na wenzake wa mito mingine amekwisha kutana na vimelea na bakteria wasiopatikana kwao, na akirudi, hata katika kidimbwi alichotolewa, anarudi navyo. Kumwachia mtoni samaki wa mbali ni balaa zaidi: jamii ya Pterygoplichthys, wale wenye ngozi ngumu kama deraya wanaonunuliwa wadogo ili wale mwani, leo wanachimba kingo za mito na kunasa nyavu za wavuvi katika Mexico na Florida, maelfu ya kilomita kutoka kwao. Aliyezidi ukubwa mtafutie mfugaji mwingine. Aliye mgonjwa asiyepona, mwondolee mateso. Hata wavu wenyewe uanikwe ukauke kabisa kabla ya kuupeleka mto mwingine.

Kwa sababu mlango huo haupo, anayechukua samaki wa mtoni kwa dhati hatimaye hulenga kuwazalisha, na hapo daftari linarudi mezani. Wafugaji wa Nothobranchius, samaki wa vidimbwi vya mvua vya mashariki na kusini mwa Afrika ambao mayai yao hungoja kiangazi kipite ndani ya tope kavu, wamekuwa na desturi ya kuandika kwenye kila tangi jina la samaki pamoja na mahali kundi lake lilipovuliwa. Nothobranchius guentheri ni wa kisiwa cha Unguja. Nothobranchius furzeri alivuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968 katika eneo la Gonarezhou, Zimbabwe, na wazao wake walipokezanwa na wafugaji mkono kwa mkono, kila mara na jina la mahali likiandamana nao. Mwaka 2003 watafiti walitangaza kwamba samaki wa kundi hilo huzeeka na kufa ndani ya wiki chache tu, na tangu hapo amekuwa akitunzwa katika maabara zinazochunguza uzee. Kundi hilo bado linaitwa GRZ, kifupi cha Gonarezhou.

Kwenye matangi yangu kuna kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa utepe: jina la samaki, mto, tarehe, joto, pH, na idadi niliyochukua. Makundi ya mito miwili, hata yakiwa ya samaki mmoja, siyachanganyi.